Muyaka bin Haji na Fumbo la Mji

Katika mchezo wa vitendawili, kama ajuavyo kila msomaji aliyelelewa pwani, asiyeweza kutegua hutozwa mji. Mtegaji hudai apewe mji, mshindwa humtajia mji, naye mshindi huuingia mji huo kwa maneno matupu, akatembea, akala, akajisifu, na mwishowe ndipo akatoa jibu. Ni mchezo wa watoto, na miji yote inayotolewa usiku hurudi kwa wenyewe kabla ya usingizi. Lakini alikuwako mtu Mombasa ambaye alitega na kutegua maisha yake yote, tena na watu wazima wenye ndevu zao, na mji uliokuwa ukishindaniwa ulikuwa mji kweli, wenye ngome, bandari, misikiti na makaburi ya wazee. Mtu huyo ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nayaandika haya nikiwa Tongaren, kati ya Kitale na Bungoma, mbali kabisa na maji ya chumvi. Msomaji wa Mvita au wa Amu huenda akauliza, Muyaka na Tongaren wapi na wapi? Swali ni la haki. Huku ni nchi ya mahindi. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi wa kizungu, na baada ya Uhuru wa 1963 yakakatwa vipande na kugawiwa wananchi, wengi wao Wabukusu. Kiswahili huku si lugha ya mama wa mtu, ila ni lugha ya soko, ya shule na ya ofisi, na kilifika magharibi zamani, tangu misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipokuwa ikipiga hema kwa Nabongo Mumia, ambako si mbali na hapa. Basi vijana wa huku wana maradhi, nami mgeni wao wameniambukiza. Maradhi yenyewe ni miraba ya maneno ya magazetini. Gazeti likifika dukani hawaanzi na habari za siasa wala za mpira. Hulifungua palipo na miraba, kalamu zikatoka mifukoni, na maneno yakaanza kuhesabiwa herufi kwa vidole. Jumamosi hushindana. Hakuna kikombe wala cheti. Wa mwisho kumaliza hulipia chai na mandazi ya wote, na sijaona mashindano yanayogombewa kwa ukali zaidi ya hayo.

Kati yao wako waliokwisha kuchoka na miraba myepesi, ile inayokuuliza jina la mto au la mnyama, wakahamia kwenye miraba ya Kiingereza ya aina ya mafumbo. Hiyo ni habari nyingine. Mchezo wa miraba wenyewe si wa kale. Aliyeuanzisha ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, aliyeutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Waingereza walipoupokea waliutia pilipili. Mwaka wa 1926 mshairi na mfasiri Edward Powys Mathers, ambaye alijificha nyuma ya jina la Torquemada, alianza kulitungia gazeti la Observer la London miraba ambayo kila kidokezo chake ni fumbo. Kidokezo cha namna hiyo kina nusu mbili. Nusu moja inatoa maana ya neno linalotafutwa, na nusu ya pili inazichezea herufi zake au matamshi yake, na mshono unaoziunganisha umefichwa hata mtu husoma akidhani anaambiwa habari za hali ya hewa kumbe anaambiwa jina la samaki. Gazeti la The Times lilianzisha mashindano ya wafumbuzi mwaka wa 1970. Na kabla ya hapo, Januari 1942, vita vikiwa vimepamba moto, gazeti la Daily Telegraph liliwaweka watu chumbani wafumbue miraba yake kwa dakika 12, na baadaye baadhi yao wakapata barua za kuitwa kazini Bletchley Park, walikokuwa wakifumbuliwa ujumbe wa siri wa Wajerumani. Kwa hivyo hata kwa Waingereza fumbo na vita vimewahi kukaa nyumba moja.

Vijana hao waliniuliza kama Waswahili nao wamewahi kuwa na jambo la namna hii, la kutega kwa maneno yenye midomo miwili na kushindana kufumbua, au kama ni mchezo wa wazungu peke yao. Niliwaambia habari za Muyaka, na kwa kuwa masimulizi ya barazani hupotea, nimeonelea niyaandike.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka wa 1776. Mji ulikuwa mikononi mwa Wamazrui. Ukoo huo ulikuja kutoka Omani kama maliwali, lakini tangu katikati ya karne ya 18, Albusaidi walipoichukua Omani, Wamazrui walikataa kuwatii na wakakaa Ngomeni kama watawala wenye kujitegemea. Hawakutawala peke yao. Walitegemea Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji, yenye wazee na matamim wao, na kila jambo kubwa lilihitaji kuridhiwa. Mji wa namna hiyo, wenye watawala wanaotazamwa kwa jicho la pili na raia wenye sauti, ni mji wa maneno. Kusema wazi kuna hatari, na kunyamaza kuna hatari. Humo ndimo alimokulia Muyaka.

Mashairi yake yanatuonyesha mtu wa watu. Anazungumza habari za jahazi na pepo, za kupata na kukosa, za nyumba na mke, za mapenzi na wivu, za rafiki aliyegeuka, za njaa, za kiburi cha mwenye mali. Kabla yake, tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa zaidi tenzi na kasida za wanazuoni wa Pate na Amu, zenye kusimulia habari za Mtume na maswahaba wake na kuonya juu ya ulimwengu unaopita. Muyaka alilichukua shairi la beti za mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, nane huku na nane huku, akalipa kazi ya kila siku. Hakulibuni yeye, lakini baada yake lilikuwa ndilo kipimo cha mtunzi. Imekuwa desturi ya wataalamu kusema kwamba aliyatoa mashairi msikitini akayapeleka sokoni. Maneno hayo hayanipendezi sana. Mtu asomaye diwani yake ataona jina la Mwenyezi Mungu likitajwa kila mahali, katika vita, katika mapenzi na katika shida ya chakula. Hakuyatoa msikitini, yalitoka yenyewe baada ya sala, kama watokavyo watu, yakaenda sokoni yakiwa na udhu wao.

Sasa tuje kwenye ufundi wa fumbo. Lugha yetu ina maneno mengi yanayofanana umbo na kutofautiana maana, na Kimvita kina hila zaidi. Chukua neno paa. Kuna paa la nyumba, kuna paa wa porini, kuna kupaa juu na kuna kumpaa samaki magamba. Chukua neno kaa: kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani, kuna kukaa kitako. Mtu wa Mombasa aliyelelewa na wazee hamtamki paa wa porini kama atamkavyo paa la nyumba. Yule wa porini hutolewa na pumzi, hata ukiweka kiganja mbele ya mdomo utaihisi. Kadhalika kaa wa pwani ana pumzi na kaa la moto halina. Hapo mtungaji ana uwanja. Anaweza kumjenga mtu juu ya paa na kumwinda porini katika mshororo mmoja, na msikilizaji asiyefungua masikio akabaki nje ya mlango.

Juu ya hayo weka maandishi. Siku za Muyaka Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo kama zilivyo hazina pe wala ve wala che. Mwandishi alitumia be kwa sauti ya b, na ya p, na ya mb. Irabu ya chini ilikuwa i na ilikuwa e. Irabu ya juu iliyopinda ilikuwa u na ilikuwa o. Kwa hivyo neno moja lililoandikwa karatasini laweza kusomwa bata, au pata, au mbata, na msomaji hana budi kulipima kwa mizani, kwa kina na kwa akili yake mpaka limkubalie. Vijana wangu wa Tongaren nilipowaeleza jambo hili walicheka, kwa sababu ndiyo kazi waifanyayo kila Jumamosi: neno lina nafasi tano, mbili zimejaa, la kulia kwake linalazimisha herufi ya tatu, je, ni lipi? Mtu wa Mvita wa karne ya 19 alifanya hivyo kila aliposoma barua ya shairi, bila miraba.

Lakini fumbo halikuwa la kusoma peke yako ukatabasamu. Lilihitaji jibu, na jibu lilikuwa na sheria zake. Aliyejibu alipaswa kurudi kwa bahari ile ile na mara nyingi kwa vina vile vile vya aliyemtega. Alipaswa kuonyesha kwamba amelifumbua, lakini bila ya kulifumbua hadharani kwa maneno ya wazi, maana huko ni kuuvunja mchezo. Kwa hiyo jibu lilikuwa fumbo jingine, lililobeba ufunguo wa la kwanza tumboni mwake. Aliyeshindwa kujibu alijulikana mji mzima, kwa kuwa mashairi yalihifadhiwa vichwani na kusemwa barazani, bandarini na majumbani, na wanawake waliyajua kama wanaume. Mtegaji naye alikuwa na haki ya kumtimizia mwenzake. Fumbo lisilokuwa na njia ya kuingilia halikuwa sifa kwa aliyelitunga. Ilibidi dalili iwemo, hata kama ni ndogo kama tundu la sindano. Hii ni sheria ambayo wafumbuzi wa London waliifikia baada ya kugombana kwa miaka mingi, na D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes na kumrithi Torquemada katika gazeti la Observer, aliitungia kitabu kizima mwaka wa 1966. Wazee wa Mvita waliishika bila kitabu.

Mombasa kwenyewe Muyaka alikuwa na wenzake wa kupimana nao nguvu. Mmoja aliyekuwa mdogo kwake kwa umri ni Suudi bin Said al-Maamiriy, ambaye alikuja kuwa malenga mkubwa kwa haki yake. Mashindano ya ndani ya mji yalikuwa na chumvi ya utani, wala mtu hakutoka damu. Yale ya baina ya mji na mji ndiyo yaliyokuwa na upanga nyuma yake.

Mkubwa wa wapinzani wake alikuwa Amu. Jina lake Zahidi Mngumi, mzee mwenye amri katika mji wake na mtunzi hodari. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa na Pate zilikuwa zimefungamana, na Amu ilikuwa imebanwa katikati kama punje baina ya mawe ya kusagia. Kabla ya bunduki kulia yalilia mashairi. Beti zilitoka Mombasa zikapanda na jahazi hadi Amu, zikasomwa, zikapimwa, zikajibiwa, na majibu yakateremka na jahazi jingine. Ndani yake mlikuwa na kebehi, vitisho, habari za nani ameungana na nani, na mlikuwa na mafumbo ambayo mtu wa kati angeyabeba bila ya kujua amebeba nini. Nahodha angeweza kulisoma shairi safari nzima kwa sauti nzuri, kumbe amepeleka tishio la vita.

Vita vyenyewe vilipiganwa Shela, baina ya mwaka wa 1812 na 1814. Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka pwani likidhani Amu imekwisha. Watu wa Amu waliwatokea na kuwarudisha nyuma, na waliporudi mbio kwenye vyombo vyao walivikuta vimekwama, kwani maji yalikuwa yamekupwa. Mauaji yaliyofuata yalikuwa makubwa hata yakabaki katika vinywa vya watu wa visiwa hivyo kwa vizazi, na mifupa ilikuwa ikionekana mchangani Shela miaka mingi baadaye. Katika lugha ya mchezo wetu, Mombasa ilitega na Amu ikategua. Amu haikungoja kutegwa mara ya pili. Ilimwita Sayyid Said bin Sultan wa Omani aje kuilinda, naye akakubali mara moja. Toka siku hiyo Muyaka alikuwa na mpinzani mwenye merikebu za vita.

Hapa pana kisa ambacho si cha Muyaka mwenyewe lakini sina budi kukitia, kwa sababu kinaonyesha ilivyokuwa hewa ya mji wake. Mwaka wa 1814 liwali Ahmad bin Muhammad alifariki na mwanawe Abdallah akashika nafasi. Desturi ilitaka liwali mpya ampelekee Sayyid zawadi ya utii. Yasimuliwa kwamba Abdallah alimpelekea vazi la chuma la kivita, na kibaba, na baruti kidogo na risasi. Hakupeleka barua ya kueleza. Hilo ni fumbo bila neno hata moja, nalo lilifumbuliwa Maskati kama lilivyokusudiwa. Kama mtawala alitega hivyo, mshairi wake angenena waziwazi kwa sababu gani?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Mwaka wa 1824 Wamazrui walimtumia Kapteni Owen, Mwingereza aliyekuwa akipima pwani, wakaipandisha bendera ya Uingereza Ngomeni ili wajikinge nayo. Serikali yake haikumkubalia, na kufikia 1826 bendera ilikuwa imeteremshwa. Mwaka wa 1828 Sayyid Said alikuja mwenyewe na merikebu zake. Aliingia Ngomeni kwa mapatano, akaweka askari, akaondoka, na askari wakafukuzwa. Alirudi tena na tena. Katika miaka hiyo yote Muyaka alikuwa ndiye sauti ya mji. Aliwasifu Wamazrui waliposimama imara. Aliisifu Mvita na Ngome yake, akawakumbusha watu wa nje kwamba huo si mji wa kuingiwa ovyo. Mombasa iliposhangilia, yeye alitunga. Ilipokuwa na hofu, alitunga pia.

Lakini kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo watu hawaizungumzi vya kutosha, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo nzito kupita zote. Mafumbo yake makali hayakuwaelekea adui wa nje tu. Mengine yalielekezwa ndani, kwa wakuu wa mji wenyewe waliokuwa wakigombana. Salim bin Ahmad alipofariki mwaka wa 1835 Wamazrui waligawanyika juu ya nani atawale, na mgawanyiko wao ukaufungua ule mgawanyiko wa kale wa mji, baina ya Thelatha Taifa na Tisa Taifa. Mtu wa kawaida hangeweza kusimama akawaambia mabwana kwamba ugomvi wao utaiuza nchi. Mshairi angeweza, akiwa amelifunika neno lake kwa picha ya chombo baharini, au ya nyumba inayovuja, au ya wanyama porini, kisha akakaa kitako kungoja nani ataona. Hapo fumbo ni kinga ya anayesema. Tena ni kinga ya anayeambiwa, kwa kuwa linamwachia nafasi ya kusikia bila kuaibishwa mbele ya watu.

Wabukusu wa huku wanalijua jambo hili kwa njia yao. Mzee mkubwa akizikwa, siku chache baadaye huitwa msemaji maalumu, naye hutembea katikati ya watu na kusema habari za koo, za waliopita na za wanaokosea, kwa maneno ambayo si kila mtu anayafumbua. Hiyo huitwa kumuse. Si kila ukoo una mtu wa kazi hiyo wala haifanywi na mtu ajionaye tu ana sauti. Kijana mmoja wa hapa alipokwisha kusikia habari za Muyaka alisema kwamba huyo alikuwa mtu wa kumuse aliyetumia vina. Sina la kuongeza juu ya hapo.

Mabwana wa Mvita hawakufumbua kwa wakati. Watu wa upande mmoja wa mji walimwendea Sayyid Said, na mwaka wa 1837 Mombasa ilimwangukia pasipo vita vikubwa. Wakuu wa Wamazrui waliaminishwa, wakakamatwa kwa hila, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, wala hawakuiona tena pwani yao. Waliobaki walikimbia, wengine wakaenda Gazi upande wa kusini, wengine Takaungu upande wa kaskazini. Mji ulitolewa, na haukurudi asubuhi.

Muyaka aliishi miaka mitatu baada ya hapo, raia wa serikali ambayo aliitungia kebehi kwa zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Alifariki mwaka wa 1840. Miaka minne baadaye Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani, alifika Mombasa na kuanza kuandika kamusi ya Kiswahili, lakini mkubwa wa maneno wa mji huo alikuwa amekwisha lala.

Basi yametufikiaje? Hapa ndipo wafumbuzi wanapostahili heshima yao. Kwa zaidi ya miaka arobaini mashairi ya Muyaka hayakuwa na kitabu. Yaliishi kwa watu walioyapenda, na mtu hulishika zaidi shairi alilohangaika nalo usiku kucha kuliko lile lililompita kwa urahisi. Kisha alitokea Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawiy, mtu wa Mombasa, mwanachuoni na mshairi, ambaye aliyakusanya kutoka vinywa vya waliokuwa wakiyajua. Hakuyaandika matupu. Aliandika na maelezo: shairi hili lilitungwa kwa sababu gani, huyu aliyesemwa ni nani, neno hili limekusudiwa nini. Alifanya kazi hiyo pamoja na William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa Mombasa tangu miaka ya 1880, ambaye kwa haki yake alikijua Kimvita kama wazungu wachache walivyopata kukijua. Wawili hao walishughulika hata na herufi za Kiarabu, wakizitia alama ili paa asichanganyike na paa na bata asisomwe pata.

Mwalimu Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Karatasi zilikwenda Uingereza na zimehifadhiwa London, katika chuo cha SOAS. Mwaka wa 1940, miaka mia kamili baada ya kufa kwa Muyaka, William Hichens alizitoa zikiwa Diwani ya Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, iliyopigwa chapa Johannesburg. Ilikuwa kazi kubwa, lakini Hichens hakuwa mtoto wa Mvita. Mwaka wa 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, mwana wa Mombasa mwenyewe, alitoa Nairobi kitabu chake juu ya Muyaka, akirudi kwenye karatasi zile na kuyaeleza mashairi kwa mujibu wa historia na lugha ya mji. Na mwaka wa 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walitoa kitabu cha mashairi yaliyopelekeana wakati wa vita vile vya Amu, hata leo mtu aweza kukaa akaona pigo na jibu lake, mtegaji na mteguaji uso kwa uso.

Ule mchezo wenyewe haukufa na Muyaka. Magazeti yaliurithi. Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka wa 1923, na Baraza la Nairobi, lililodumu toka 1939 hadi 1979, yalikuwa na kurasa za mashairi ambamo mtunzi wa Tanga alimtega wa Mombasa na jibu likatoka Unguja wiki chache baadaye, kwa vina vile vile, na wasomaji wakigombana juu ya nani aliyefumbua. Miraba ni mgeni aliyekuja kukaa jirani na ukurasa huo.

Huku Tongaren, jambo linalowapa vijana taabu si fumbo bali ni Kimvita. Wamefundishwa macho, naye anasema mato. Wamefundishwa nchi, naye anasema nti. Njia kwake ni ndia na chini ni tini. Mwanzoni walidhani ni makosa ya mpiga chapa. Walipoambiwa kwamba sauti moja huhama kwa utaratibu, walifanya kama wafanyavyo wafumbuzi wa kweli: waliandika orodha, wakalipata pigo lake, na tangu hapo wamenipita kwa kasi. Nakiri hapa kwamba nimewaona watoto wa pwani, wenye Muyaka kwa haki ya damu, wasioujua hata ubeti wake mmoja, na nimeona mtoto wa mkulima wa mahindi wa Naitiri akimtetea mbele ya wenzake kana kwamba ni mjomba wake.

Nakala yangu ya kitabu cha 1979 imekwisha acha kuwa yangu. Inazunguka baina ya Tongaren na Kitale kwa watu ambao wengine siwajui. Iliporudi mara ya mwisho ilikuwa imejaa pembezoni alama za kalamu za mikono minne au mitano. Kwenye shairi moja la siku za vita mtu ameandika ufumbuzi wake, mwingine ameukata na kuandika wake, na wa tatu ameweka alama ya kuuliza na kutaja ukurasa wa nyuma ambako, asemavyo yeye, Mwalimu Sikujua amekwisha kueleza.